Mama Vyura

Jina alipewa na wanawake wa benchi. Benchi lenyewe lilikuwa refu, la mbao, kwenye kibaraza cha nyuma ya hospitali, mbele ya mlango wa maabara. Kila asubuhi wanawake walikaa pale wakisubiri kuambiwa kama wana mimba au hawana. Mwenye kuwaambia alikuwa Bwana Maabara, mtu mnene mwenye miwani, asiyependa kusemeshwa. Aliyefanya kazi yenyewe alikuwa msaidizi wake, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye viganja vikavu kwa ajili ya dawa za kuoshea. Kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake, siku moja mmoja wa benchi akasema, "Si tumwite Mama Vyura? Hao anao wengi." Walicheka mpaka mwenye kichefuchefu akakisahau. Jina likanata kama gundi, na baada ya muda hata madaktari walilitumia.

Siku hizi mtu akihisi mambo yamebadilika hununua kipimo dukani, akaingia chooni, na chai haijapoa ameshajua mbivu na mbichi. Wakati ule kipimo kilikuwa chura. Ndani ya maabara kulikuwa na matangi ya saruji yaliyofunikwa kwa wavu wa waya, na humo waliishi vyura wakubwa wa majini, wa kuteleza kama sabuni iliyolowa, wenye kucha nyeusi kwenye vidole vya nyuma. Hawakuwa wa pale. Waliletwa kwa gari kutoka mbali, ndani ya madebe yaliyotobolewa matundu. Mwanamke alileta mkojo wake wa asubuhi kwenye chupa. Mama Vyura alivuta kidogo kwa sindano, akamshika chura jike kwa kitambaa asimponyoke, akamchoma chini ya ngozi ya mgongo, kisha akamweka peke yake kwenye mtungi wa kioo. Kesho yake chura akiwa ametaga mayai, mwenye chupa ana mimba. Asipotaga, mwanamke arudi nyumbani akajipange upya.

Kazi hiyo Mama Vyura aliipenda. Wengine waliona kinyaa, yeye hakuona. Aliomba makombo ya maini jikoni kwa wagonjwa, akayakata vipande vidogo, akawalisha kwa mkono, nao wakayasukumia mdomoni kwa vidole vya mbele kama watoto wasiofundishwa adabu ya mezani. Chura aliyechomwa sindano alimpumzisha wiki kadhaa kabla ya kumchoma tena. Bwana Maabara alisema anawadekeza. Lakini vyura wake hawakufa ovyo, na majibu yake hayakukosea, kwa hiyo bwana alisema akanyamaza.

Mume wake alikuwa seremala, mpole wa kupita kiasi, na mtu mpole namna hiyo huwa mali ya anayesema kwa sauti kubwa zaidi. Katika nyumba yao aliyesema kwa sauti kubwa alikuwa mama yake. Mwaka wa kwanza wa ndoa mama mkwe aliuliza kwa mafumbo. Mwaka wa pili aliuliza waziwazi. Baada ya hapo hakuuliza tena, alitangaza. "Mwanangu kaoa kabati," aliwaambia majirani, mkwewe akiwa palepale anaosha vyombo. "Zuri, refu, limesimama wima. Fungua sasa. Ndani hamna kitu."

Seremala alikuwa akipiga randa uani. Randa ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Mara kadhaa Mama Vyura alijipima mwenyewe. Alingoja Bwana Maabara atoke kwenda kunywa chai, akachukua chupa yake mfukoni, akachagua chura mwenye afya kuliko wote, akamchoma, akaficha mtungi nyuma ya masanduku ya pamba. Asubuhi alifika kabla ya wote. Maji kwenye mtungi yalikuwa safi, na chura amekaa chini akimtazama kwa yale macho yao yanayoangalia juu tu. Alimrudisha tangini, akaosha mtungi, akawafungulia mlango wanawake wa benchi.

Basi asubuhi moja mama mkwe akafika maabara na chupa iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Ya nani hii, mama?" aliuliza Mama Vyura.

"Ya binti wa jirani. Anaona haya kuja mwenyewe. Nikasema mbona nina mkwe huko, atanifanyia vizuri."

Ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe kumwomba jambo, na mara ya kwanza kuitaja kazi yake bila kutema mate. Mama Vyura aliichukua ile chupa kwa mikono miwili. Alimchagulia chura mzuri. Kesho yake, alipoinua kitambaa juu ya mtungi, aliona mayai, mengi ajabu, yamejaa kila mahali kama ulezi uliomwagika.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Mama Vyura alitoka akitabasamu. "Mama, mpelekee hongera zake. Chura ametaga mpaka maji hayaonekani."

Mama mkwe aliinuka, akajifunga nguo yake vizuri, akasema kwa sauti ya kufika mpaka mwisho wa benchi, "Hongera nipe mimi. Huyo ni mjukuu wangu."

"Mjukuu wako kwa nani, mama?"

"Kwani mimi nina watoto wangapi?"

Alikuwa na mmoja. Benchi lote lilikuwa linajua. Mwanamke mmoja wa katikati akashindwa kujizuia, akacheka kwa pua, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mama mkwe akaongeza, kana kwamba amesahau jambo dogo, "Nilitaka nisikie kwa mdomo wako wewe. Usije ukasema umesingiziwa."

Mama Vyura alirudi ndani. Alisimama mbele ya ule mtungi, mikono imening'inia. Bwana Maabara alichungulia juu ya miwani. "Unalia juu ya vipimo vya watu? Futa hiyo meza. Tuna chupa nyingine saba."

Akaifuta.

Aliondoka kwa mumewe kabla binti wa jirani hajaingia. Seremala alimbebea sanduku la nguo mpaka barabarani, akalitua taratibu lisichubuke kwa sababu alilitengeneza mwenyewe. Alizipapasa bawaba zake moja moja. Mwishowe akasema, "Ile bawaba ya kushoto ikilegea, niletee nitaikaza." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya ndoa yao.

Hospitali ilimpa chumba nyuma ya dobi, ukuta kwa ukuta na Mfuaji, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mpiganaji na ulimi usio na breki. Mfuaji alikuwa na watoto wengi na mume asiyejulikana aliko, na hakuwa na muda wa kumhurumia mtu. Jambo hilo peke yake lilimfanya awe rafiki mzuri. Siku ya kwanza alimsaidia kuingiza godoro, akatazama chumba, akasema, "Kidogo, lakini hakina mama mkwe."

Nyuma ya hospitali kulikuwa na njia ya kupanda mlimani, na juu yake maporomoko ambako bomba la maji ya hospitali lilianzia. Siku za mapumziko Mama Vyura alianza kupanda huko, kwanza kwa kukimbia macho ya watu, baadaye kwa ajili ya kilichokuwako. Maji yaliangukia kwenye bwawa jeusi, na manyunyu yake yakalowanisha miamba na majani pande zote, usiku na mchana, kiangazi na masika. Ndani ya yale manyunyu waliishi vyura wengine. Hawa walikuwa wadogo, usingedhani ni chura ukimwona mara ya kwanza; mmoja alitosha kwenye ukucha wa kidole gumba na nafasi ikabaki. Walikuwa wa manjano, rangi ya kiini cha yai. Walilia kwa pamoja, tin, tin, tin, kama mtu anayegonga ukingo wa glasi kwa kijiko, na sauti hiyo ilipenya hata ngurumo ya maji.

Manyunyu yalipokoma, nao walikoma. Ungetembea hatua chache nje ya ile miamba iliyolowa usingempata hata mmoja, wala chini kijitoni, wala kwenye maporomoko mengine ya mlima ule. Dunia yao yote ilikuwa kama uwanja wa mpira, na humo walikuwa maelfu.

Siku moja, akiwa amelala kifudifudi juu ya mwamba, alimwona jike mwenye tumbo la kupitiliza likitikisika. Alidhani anataka kutaga. Hakutaga. Alizaa. Walitoka vyura kamili, wana miguu na macho, weusi, wadogo kama punje ya mtama, wakaanza kutambaa juu ya mgongo wa mama yao hapohapo. Mama Vyura alikuwa ameshughulika na vyura nusu ya maisha yake na hakuwahi kusikia jambo kama hilo. Alishuka mlima mbiombio kumwambia Mfuaji.

"Anazaa? Bila mayai?"

"Kama wewe na mimi."

"Kama mimi," alisema Mfuaji, akikamua shuka. "Jamani, hata chura!"

Kutoka kwa mtu mwingine lingekuwa kofi. Kutoka kwa Mfuaji, Mama Vyura alicheka mpaka akakaa chini.

Ikapita miaka. Halafu siku moja gari la dawa likaleta maboksi ya vipimo vipya vya karatasi. Unachovya, unangoja kidogo, mstari unatokea. Bwana Maabara alivijaribu asubuhi nzima kama mtoto mwenye peremende, na mchana akamwita Mama Vyura mbele ya matangi.

"Kazi ya hawa imekwisha. Chemsha maji, uwamwagie. Kisha sugua matangi kwa dawa kali, nataka niweke jokofu hapa."

"Bwana, hawa wametufanyia kazi miaka yote."

"Hata sindano zimetufanyia kazi. Tuziwekee matanga?"

"Basi niruhusu niwachukue."

"Uwapeleke wapi? Ukawanyonyeshe?" Alicheka mwenyewe, akaangalia saa. "Maji ya moto. Yachemke kabisa, wasije wakateseka. Mimi si mnyama."

Aliposhuka kwenda kula, Mama Vyura alimkimbilia Mfuaji. Wakaleta ndoo za dobi. Waliwachota vyura kwa mikono, wanaruka, wanateleza, wanagonga mifuniko, na Mfuaji akitukana kwa kila lugha aliyoijua. Kisha Mama Vyura akachemsha maji kama alivyoagizwa, akayamwaga kwenye matangi matupu. Bwana Maabara aliporudi alikuta mvuke umejaa chumbani na msaidizi wake anasugua huku machozi yanamtoka. Akaridhika. Akamwambia afungue dirisha.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mlima, walipanda na zile ndoo. Mfuaji alisimama kila kona kupumua. "Hivi kwa nini tusiwatupe tu hapa kijitoni?"

"Kule juu maji ni safi. Na wenzao wapo."

"Wenzao! Hawa na wale ni kama ng'ombe na mbuzi."

"Wote ni vyura."

Pale bwawani aliinamisha ndoo moja baada ya nyingine, polepole, ili wasigonge mawe. Wale wakubwa walitulia kidogo ukingoni, miguu imetandazwa, kama wafungwa waliofunguliwa mlango wakadhani ni mtego. Kisha wakazama. Kwenye miamba wale wa manjano walikuwa wakilia tin, tin, tin. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mama Vyura, na Mfuaji akacheka. Tenda wema uende zako, wahenga walisema, naye akaenda zake akiwa mwepesi, ndoo tupu zikigongana njia nzima. Tangu aolewe mpaka aachike hakuwahi kufanya jambo lililomfurahisha kiasi kile. Maabarani hakuhitajika tena, akapewa ufagio, akawa mfagizi wa wodi, na hata hilo halikumsumbua.

Masika ya pili baada ya hapo alimkuta mmoja wa manjano juu ya mwamba ulio wazi, juani, mahali ambapo hawakai. Alimgusa. Hakuruka. Alimgeuza kwa kidole, akaona ngozi ya tumboni inabanduka kama utando wa juu ya maziwa yaliyopoa. Alifikiri ni mzee tu, amefikiwa na siku zake. Juma lililofuata walikuwa wengi. Walikaa peupe, miguu ya nyuma imetanuka, hawaogopi kivuli wala mkono, na ndege walikuwa wakiwadonoa mmoja mmoja bila haraka.

Alimbeba mmoja kwenye chupa mpaka kwa Bwana Maabara.

"Huyu anaumwa, bwana. Wote wanaumwa kule juu. Mwangalie kwa ile darubini."

"Mimi natibu watu."

"Angalia tu mara moja."

"Mpe aspirini," alisema Bwana Maabara. Alipoona hacheki, alichukua ile chupa, akaitupa pamoja na yaliyomo kwenye ndoo ya taka. "Nenda kafagie."

Akaamua kuwaokoa mwenyewe. Alikwenda na beseni, akachagua walioonekana wazima, akawaleta chumbani kwake, akawawekea majani na mawe, akawanyunyizia maji kwa mkono asubuhi na mchana na jioni. Maji ya bomba yalikuwa na dawa, kwa hiyo kila siku alipanda mlima na kuchota bwawani, kwenye maji ya kwao waliyoyazoea. Kila ndoo aliyoileta iliwaua. Angejulia wapi? Aliona wanakufa, akadhani maji hayatoshi, akapanda mara mbili kwa siku.

Wa mwisho alikuwa jike mwenye mimba. Mama Vyura alikaa naye kutwa bila kwenda kazini. Mtoto wa kwanza alipoanza kutoka, yule jike alijinyoosha, akatulia, akafa hivyohivyo, mtoto akiwa nusu ndani nusu nje. Mama Vyura alichukua sindano ya zamani, mkono wake ukiwa imara kama wakati wa kazi, akampasua, akawatoa wengine. Watatu walikuwa hai. Walitambaa kwenye kiganja chake mpaka mchana. Mfuaji alimkuta bado amefungua kiganja, na kilichomo kimeshakauka.

Habari za mfagizi aliyekosa kwenda kazini kwa ajili ya kumzalisha chura zilizunguka mji mzima. Mama mkwe wa zamani, sasa bibi wa wajukuu wanne, alizipokea kwa furaha kubwa. "Si niliwaambia?" alisema sokoni. "Yule kila anachokigusa kinakatika uzao." Watu walisema bibi ana roho mbaya. Na kweli alikuwa nayo. Lakini hakuwa amesema uongo, na hilo hakuna aliyelijua siku ile, hata yeye mwenyewe.

Maporomoko yakabaki na sauti ya maji tu. Bwawani wale wakubwa walinenepa.

Mama Vyura alikuwa amestaafu, magoti yameanza kulalamika, alipokuja mtafiti. Alikuwa mwanamke kijana, mkavu wa maneno, pamoja na msaidizi wake mpole aliyebeba mizigo. Katika ghala la makumbusho ya mbali walikuwa wamekuta chura mmoja mdogo kwenye chupa ya spiriti, rangi imemtoka, na kikaratasi kinachosema alitolewa kwenye maporomoko ya nyuma ya hospitali. Hakuna mtu aliyewahi kumpa jina la kitaalamu. Walitaka wamwone akiwa hai. Kila waliyemuuliza alicheka na kusema, "Za vyura? Nendeni kwa mama yao."

Akawapeleka. Kabla ya kufika kwenye maji mtafiti alikaa chini, akasugua soli za viatu vyake kwa brashi na dawa, na kumwambia Mama Vyura avue ndala zake nazo zisuguliwe.

"Mbona mnaosha viatu kabla ya kukanyaga tope?" aliuliza Mama Vyura.

"Kuna ugonjwa wa vyura, mama," alijibu msaidizi. "Ni fangasi wa ngozi. Chura hupumua na kunywa kwa ngozi, sasa akishikwa na ule ugonjwa, ngozi inaharibika, moyo unasimama. Unasafiri kwa maji, kwa tope, hata kwa soli ya kiatu. Duniani umeshamaliza aina nyingi sana, zimepotea kabisa."

"Wanakaa juani? Hawaruki ukiwagusa?"

Mtafiti aliinua kichwa. "Nani kakwambia?"

Mama Vyura alivaa ndala zake, akaongoza njia. Walifika bwawani. Mtafiti alipitisha wavu mara moja tu kwenye maji, akauinua, na ndani yake akawa anarukaruka chura mkubwa, wa kuteleza, mwenye kucha nyeusi. Akamtazama kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika kwenye msiba akakuta wameshazika.

"Hawa si wa hapa," alisema. "Wanaubeba huo ugonjwa na wao hauwadhuru. Wamefikaje huku juu?"

Mama Vyura angeweza kusema hajui. Mfuaji baadaye alimwambia hivyo mara mia: ungesema hujui, ni nani angekuuliza? Lakini alikuwa ametumia maisha yake kuwapa watu majibu yasiyokosea, na hakujua kazi nyingine. Akawaeleza yote, matangi, maji ya moto, ndoo, mpaka ile methali ya mgeni na mwenyeji.

"Uliwahurumia," alisema mtafiti.

"Niliwahurumia."

"Na yule bwana alikuambia uwamwagie maji yaliyochemka."

"Ndiyo."

"Ungewamwagia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemweleza mtu kwamba aliacha mlango wazi, na mwizi ameshaondoka. Msaidizi alikohoa, akasema huenda ugonjwa ungefika hata bila wao, kwa ndege labda, au kwa viatu vya watu wa bomba.

"Usimdanganye mzee wa watu," alisema mtafiti, na akaanza kuwapangusa wale vyura kwa pamba ili ikapimwe.

Majibu yalikuja baada ya mwezi. Ulikuwa ni ule ugonjwa, na wale wakubwa karibu wote walikuwa nao. Walitafuta wa manjano msimu mzima, kwa tochi na kwa mikono, chini ya kila jani, kwenye kila ufa wa mwamba. Hapakuwa na hata mmoja. Na kwa kuwa hawakuwahi kuishi mahali pengine popote, hapakuwa na mahali pengine pa kutafuta.

Kabla hawajafunga mizigo mtafiti alikuja chumbani kwa Mama Vyura na kinasa sauti. Alisema wana mwili mmoja kwenye spiriti, lakini sauti hawana, na mtu aliyewasikia kwa makini ni yeye peke yake. Je, anaweza kuwaigiza?

Mama Vyura alichukua kijiko na glasi.

"Hapana. Kwa mdomo. Tunataka kujua mlio wenyewe, urefu wake, na kupumzika kwake."

Akajaribu. Mara ya kwanza ilitoka kikohozi. Meno ya mbele yalikuwa yametoka na hewa ilipita ovyo. Akanywa maji, akafumba macho, akajaribu tena na tena, tin, tin, tin, mpaka mtafiti akainua mkono kwamba imetosha. Kisha akamsikilizisha. Kilichotoka kwenye kile chombo kilikuwa kikongwe anayepiga kelele nyembamba kama mtoto mwenye homa.

"Huyo si wao," alisema Mama Vyura. "Huyo ni mimi."

"Ndiyo tuliyo nayo," alisema mtafiti. Akazima.

Chini ya mlima kulikuwa na aina nyingine za vyura, kwenye kijito na mashamba ya watu, ambazo bado zilikuwa nzima. Mtafiti alisema wale wakubwa wakiachwa watazifikia. Walihitaji mtu wa kuwavua bwawani na kuwaua. Mama Vyura aliomba kazi hiyo mwenyewe. Walimwachia wavu, mipira ya mikononi, na unga wa kuchanganya na maji, ambao ukimtumbukiza chura ndani yake analala na haamki. Alijua wanapopenda kukaa, alijua wanachokula, alijua kumshika jike asiponyoke. Aliwaua wengi kuliko mtu yeyote ambaye angefanya kazi hiyo, na kila jioni aliwafukia kwenye shimo na kulimwagia chokaa.

Mfuaji, ambaye sasa aliona kwa jicho moja tu, alikuwa akimsubiri chini ya njia na chai kwenye chupa. "Wameisha?"

"Bado."

"Watakwisha?"

"Jike mmoja anataga maelfu, mwenzangu. Unaniuliza mimi?"

Fedha za utafiti zilikwisha kabla ya vyura. Unga nao ukaisha. Mama Vyura akawa anapanda na sufuria na jiko dogo la mafuta, anachemsha maji palepale ukingoni. Alifanya hivyo misimu miwili bila malipo, bila kumwambia mtu. Msimu wa tatu mvua zilikuwa kubwa kuliko kawaida, bwawa likafurika, na maji yakashuka mlima yakiwa na viluwiluwi wengi kama makapi. Asubuhi yake mke wa mkulima mmoja alimletea chura kwenye kopo, amemkuta kwenye mtaro wa shamba lake, akauliza kama analiwa.

Mama Vyura alimshika, akamgeuza, akatazama kucha, akamrudisha koponi.

"Haliwi," alisema. "Muue."

"Maskini," alisema yule mwanamke. "Kwa nini? Hajanifanya kitu." Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye huruma, alimpokonya lile kopo, akaenda nalo mtaroni, akamwachia.

Mama Vyura alimfuata mpaka mlangoni. Njia ya kwenda mtaroni ilikuwa na utelezi na magoti hayakukubali. Alisimama pale ameshika mwimo wa mlango, akimwita yule mwanamke arudi, na mwanamke akampungia mkono, akaenda zake shambani.